Poncho ya kufuma ama ya kroshe: amua kabla hujanunua uzi

Ikikaribia Juni hapa Nairobi watu wanaanza kutafuta uzi, na swali ni lile lile kila mwaka, hii poncho nifume na sindano mbili ama nishone kroshe? Jibu ambalo wengi hupewa ni ati kroshe ni rahisi, enda nayo. Sikatai, kwa mtu anayeanza kroshe ni rahisi kweli, lakini poncho si kitambaa cha kochi, hii ni nguo utavaa asubuhi ukingoja matatu na upepo unapiga, utaenda nayo kanisani, utafunika nayo mtoto, utakaa nayo miaka. Kwa hivyo cha kwanza kuangalia ni vile italala mwilini na vile itazuia baridi, urahisi ufuate baadaye. Msimamo wangu nauweka mapema ndio usome ukiujua: kama ni poncho moja tu na ni ya baridi ya Julai, fuma. Kama unataka ya kuvaa miezi yote, ama ya kuuza, shona kroshe.

Tuanze na kitambaa chenyewe juu hapo ndio kila kitu kinatoka. Ukifuma, sindano inabeba vitanzi vyote vya safu nzima, sabini themanini hivi, na kila kitanzi kinapita ndani ya kile cha chini yake. Vitanzi hivyo vinavutika na kurudi, ndio maana sweta inapita kichwani bila shida. Kroshe inashika kitanzi kimoja tu kwa wakati, unakifunga ndio uende kwa kingine, kila mshono unajifunga wenyewe. Kwa hivyo kroshe inatoka nene, inashika umbo, haivutiki sana, na ile mishono mirefu watu wanapenda juu inaenda haraka inaacha nafasi katikati na upepo unapita hapo hapo. Chukua kipande cha kroshe na kipande cha kufumwa, vya uzi mmoja, inua kwa dirisha uangalie mwanga, halafu puliza na mdomo ukiweka mkono upande wa pili. Utaelewa yote ninayosema.

Na hii ya upepo si mchezo. Poncho asili yake ni Amerika Kusini, kwa watu wa milima ya Andes, na zile za kwao zilifumwa kwa kitanda cha mfumi, kitambaa kimebana kabisa, sufu ya kondoo ama ya llama na alpaka, wale wanyama wa huko, na mwanya mmoja katikati wa kupitisha kichwa. Mtu wa mlimani hakutaka mashimo. Hizi zetu za sindano zimekuja baadaye na zimelegezwa ndio zipendeze, lakini ukienda sana upande wa mashimo unabaki na pambo tu.

Sasa Nairobi. Watu wa nje wanafikiri Kenya yote ni jua, lakini sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na kuanzia Juni hadi Agosti kuna zile siku mawingu hayafunguki, manyunyu kidogo kidogo, usiku joto linashuka hadi nyuzi 10 ama 11 hivi, halafu saa nane mchana jua linatoka unaanza kutoa nguo. Ukiwa unatoka Ngong, Kikuyu ama Limuru saa kumi na moja asubuhi ni baridi tofauti kabisa na ya mtu wa South B anayetoka saa mbili. Kwa hivyo jiulize unatoka saa ngapi na unatoka wapi. Wa alfajiri, fuma. Wa saa nne akienda na shughuli zake, kroshe inamtosha na hata inamfaa zaidi, juu mchana haitamchoma, mashimo yale yale yanayoingiza upepo ndio yanatoa joto.

Tukija kwa uzi, kroshe inakula zaidi. Kwa poncho ya mtu mzima wa kadiri, na uzi wa unene wa kati, kufuma utahitaji gramu 400 hadi 450, na kroshe iliyojaa bila mashimo mengi utaenda 500 hadi 600. Ukitaka matamvua pembeni ongeza bonge dogo, gramu 50 hivi, na uyakate kwanza kabla hujaanza poncho yenyewe, uyaweke kando kwa bahasha, juu ukingoja mwisho utakuta uzi umebaki mfupi na dukani ile rangi imeisha. Na hapo kwa rangi nisikilize vizuri: kila karatasi ya uzi iko na namba ya rangi na namba ya kundi lililotiwa rangi pamoja, hii ya pili ndio watu huruka. Nyekundu ya wiki hii na nyekundu ya mwezi ujao dukani zinafanana chini ya taa, ukitoka nje kwa jua unaona mstari umekata poncho katikati. Nunua zote siku moja. Biashara Street na zile duka za River Road watakuruhusu uchambue mabonge, chukua muda wako.

Uzi mwingi unaouzwa hapa ni akriliki. Ni wa bei nafuu, rangi zinang'aa, unaoshwa kwa beseni bila wasiwasi na unakauka haraka, lakini hauna joto la sufu, na ukikaribia jiko la makaa unayeyuka, tafadhali hilo ulishike kama unapika ukiwa umevaa. Sufu ya kondoo ina joto hata ikilowa kidogo, kuna ya Kenya, kule Nanyuki kina mama wamekuwa wakisokota na kutia rangi kwa mkono miaka mingi, na ukipata hiyo nakuomba uifume, usiishone kroshe. Sufu ya kusokotwa kwa mkono ni nzito tayari, ukiifunga tena na mishono ya kroshe unapata nguo inayokuvuta shingo. Pamba nayo kinyume chake, pamba ikivutika hairudi, ukifuma poncho ya pamba inashuka tu kila mwezi, lakini kwa kroshe inakaa pahali pake na ni nzuri sana ya Januari na Februari, ama ya kubeba ukienda Mombasa ya kuvaa jioni pale baharini.

Kuna pia njia ya Gikomba na Toi, masoko ya mitumba. Sweta kubwa ya mtumba ya sufu unaweza kuifumua upate uzi wa poncho nzima kwa pesa kidogo. Lakini kabla hujalipa igeuze ndani uangalie mshono wa pembeni. Ukiona kitambaa kimekatwa na makasi halafu kikapigwa ovaloki, iache, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi kila safu. Ukiona ukingo ni mzima, vitanzi vinapinda vyenyewe na pande mbili zimeunganishwa tu kwa uzi, hiyo inafumuka mtindo mmoja kutoka juu hadi chini. Uzi wa kufumuliwa hutoka umejikunja, uzungushe kwa mgongo wa kiti, ufunge pahali panne, uoshe, uning'inize ukauke ndio unyooke.

Sindano pia ziko na mambo yake. Kwa kufuma tafuta milimita 5.5 ama 6. Kama umerithi zile za nyanya zenye namba za zamani za Uingereza, jua zinaenda kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 5 ni 5.5, namba 4 ni 6. Sindano ya kroshe nayo, hapa ndio naona poncho nyingi zinaharibikia. Watu wamezoea sindano ndogo ya vitambaa vya meza, wanashika ile ya milimita 3 ama 4 wanapiga uzi mnene nayo, mishono inabana, na poncho inatoka imesimama kama mkeka, mabega yanakuwa ya mraba. Poncho inataka ianguke. Panda hadi 6 ama 6.5 na ulegeze mkono. Ukishona kipande cha kujaribu, kishike kona moja uachilie kining'inie, kikibaki kimenyooka badilisha sindano kabla hujaenda mbali.

Sasa namna ya kuitengeneza, na hapa nitakaa kidogo juu hesabu ikikaa sawa kila kitu kinakuja chenyewe. Kwa kufuma ile rahisi na inayokaa vizuri kabisa ni ya vipande viwili vya mstatili, bila kupunguza wala kuongeza. Kila kipande sentimita 45 kwa 75. Unachukua upana wa kipande cha kwanza, ile sentimita 45, unaushona kwa urefu wa kipande cha pili kuanzia mwisho wa chini. Urefu ni 75, umetumia 45, zinabaki 30. Halafu upana wa kipande cha pili unaushona kwa urefu wa cha kwanza vivyo hivyo, zinabaki 30 zingine. Hizo 30 na 30 ndio shingo yako, 60 jumla. Kwa hivyo shingo haukati wala haufumi, inatoka kwa ile tofauti ya urefu na upana, na ukitaka kubadilisha unajua pa kugusa: mtu mkubwa zaidi fanya 50 kwa 82, shingo inatoka 64. Ukivaa, mishono inapita kwa mshazari na unapata ncha moja mbele na moja nyuma.

Fuma kwa pleni tupu, ule mshono wa kwanza kabisa kila mtu hufundishwa, kila safu pleni, pande zote mbili. Ule mwingine wa safu moja mbele safu moja nyuma ni laini kwa macho lakini ukingo wake unajikunja, na poncho haina mahali pa kuficha ukingo. Kabla ya kuanza fuma kipande cha kujaribu, uhesabu vitanzi kwa sentimita 10. Ukipata 16, basi 45 ni vitanzi 72. Kama mkono wako unabana na unapata 18, vile vitanzi 72 vitakupa sentimita 40 tu, na ukiacha urefu 75 shingo inakuwa 70, inaanza kuteleza begani bila kupenda. Na jambo lingine, kitambaa kikining'inia kwa mshazari kinavutika chini, ncha zinashuka baada ya kuvaa muda, kwa hivyo usitamani sana urefu mwanzoni.

Kroshe inakupa uhuru ambao kufuma hakuna. Unaanza shingoni na cheni, ule mlolongo wa vitanzi vya kuanzia, unaiunga iwe duara, unazunguka ukishuka, na kila mzunguko unaongeza pahali pawili tu, katikati ya mbele na katikati ya nyuma: mishono mirefu miwili, cheni moja, mishono mirefu miwili, yote kwa shimo moja. Hapo ndio ncha zinajitengeneza. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuivaa wakati wowote uone imefika wapi, ukitosheka unakata uzi, imekwisha, hakuna kushona vipande. Uzi ukiisha katikati unabadilisha rangi na inaonekana ulipanga hivyo. Lakini ile cheni ya shingo haivutiki, kwa hivyo usipime kichwa kitupu, pima ukiwa na nywele zako, mwenye rasta nzito ama anayefunga lemba akienda 60 atakwama. Dada anayevaa hijabu pia aizungushie juu ya hijabu. Wengi watakuwa salama kwa 66 hadi 70, halafu ikionekana pana unarudi mwisho unapitisha mzunguko mmoja wa mishono mifupi unaibana. Kupunguza ni rahisi, kupanua lazima ufumue yote.

Muda je? Chukua ile ile poncho ya 45 kwa 75. Kwa pleni, sentimita 10 zinachukua karibu safu 30, hiyo ni safu 225 za vitanzi 72, vipande viwili vinakuja kama vitanzi 32,400. Kwa kroshe ya mshono mrefu unapata kama mishono 13 kwa sentimita 10 na safu 7, ukihesabu poncho nzima ni karibu mishono 6,000. Kweli kila mshono wa kroshe una hatua zaidi, unazungusha na kuvuta mara tatu, lakini bado unaona tofauti. Mwenye nafasi ya jioni tu na anataka iishe kabla baridi haijaisha, asianze kufuma mwisho wa Juni. Afume kuanzia Machi ama Aprili, mvua ndefu ikinyesha na watu wako ndani.

Kwa matatu, kroshe inashinda bila kupingwa. Sindano moja fupi, kitanzi kimoja, kondakta akisema shukia hapa unavuta kitanzi kiwe kirefu unatia kwa mfuko na hakuna kitu kitaharibika. Sindano mbili ndefu kwa kiti cha watu watatu unamchokora jirani, na breki ikishikwa ghafla vitanzi kumi vinatoka. Kama lazima ufume ukisafiri nunua ile sindano ya mviringo iliyounganishwa na waya, vitanzi vinakaa kwa waya na uzito unalala mapajani. Wale waliofundishwa shuleni wakifumia spoku za baiskeli wanajua kufuma hakuhitaji vifaa vya bei, lakini kwa poncho ya vitanzi 72 vya uzi mnene spoku ni nyembamba mno, haitakufikisha.

Na ukikosea? Kroshe unavuta hadi pale pa kosa, unaingiza sindano kwa kitanzi kimoja, unaendelea. Kwa kufuma, kitanzi kimoja kikitoroka kinashuka ngazi hadi chini. Dawa ipo, na inashangaza wengi: chukua sindano ya kroshe, ushike kile kitanzi cha chini, uvute kila uzi uliolala juu yake mmoja mmoja hadi urudi juu. Kwa pleni tupu unageuza upande kila safu. Kwa hivyo hata mfumaji nyumbani kwake akae na sindano moja ya kroshe.

Tufike kwa kuvaa, juu mtu anaweza kushona vizuri halafu akaivaa ikamkataa. Poncho hii ya ncha haina mbele wala nyuma, unaweza kuizungusha, na kila mzunguko unabadilisha kazi yake. Ncha ikiwa mbele, mikono inabaki wazi kuanzia kiwiko, unaweza kuandika, kulipa, kushika mtoto, kuosha vyombo. Inarefusha mwili pia, mtu mfupi inampendeza hivyo. Ukiizungusha robo, ncha zinakuja kwa mikono, zinakufunika hadi viganja, na mbele inabaki fupi. Hiyo ni ya kukaa: kanisani, kesha, matanga usiku, uwanjani ukiangalia mpira wa watoto. Usiivae hivyo jikoni, ncha itaingia kwa sufuria. Katikati ya hizo mbili kuna ile ya ncha kukaa juu ya paja moja, na mimi hiyo ndio naona imetulia zaidi na suruali ya jinzi.

Ya kufumwa unaweza kuiteremsha bega moja juu shingo inavutika na kushika. Ya kroshe ukijaribu inarudi ama inaning'inia vibaya, iache ikae sawa. Lakini kroshe iko na jambo lake ambalo ya kufumwa haiwezi: mashimo. Chukua mshipi mwembamba, uupitishe kwa mashimo ya mbele tu, ufunge kiunoni, nyuma iachwe ianguke yenyewe. Mbele unapata kiuno, nyuma unabaki na poncho, na mikono inatoka pembeni bila kubanwa. Ya kufumwa ukitaka mshipi ni lazima uzungushe juu ya yote, na ikiwa nene inakusanyika kiunoni, kwa hivyo mshipi mpana wa ngozi ndio unaishika vizuri.

Kitu cha ndani kinahesabika zaidi kwa kroshe, kinaonekana. Kroshe nyeupe ama ya rangi ya maziwa juu ya gauni la kitenge lenye rangi kali ni nzuri mno, kitenge kinachungulia kwa mashimo. Poncho ya rangi rangi ya vipande vya mraba nayo inataka kitu kimoja kilichotulia chini, nyeusi ama buluu ya jinzi, si kitenge tena, vitapigana. Julai valia poloneck nyembamba ya mikono mirefu, poncho inakuacha mikono nje na hapo ndio baridi inaingilia. Kwa kazi za ofisi ya kufumwa ya rangi moja, kijivu, maruni ama kijani ya chupa, juu ya shati la kola inaonekana nadhifu na unaitoa saa sita bila kuvuruga nywele sana. Chini vaa kitu chembamba, suruali ya kubana ama sketi nyembamba, juu kukiwa kupana na chini kupana mwili unapotea. Kina dada wanaovaa dira ama abaya waifanye fupi, iishie kiunoni, hapo inakaa.

Herini kubwa zitoe kabla hujapitisha kroshe kichwani, zinanasa. Bruchi ni sawa kwa kroshe, kwa ya kufumwa inavuta kitanzi na kuacha shimo. Ukinaswa na msumari wa kiti cha matatu, kroshe hubaki na uzi mmoja umechomoza tu, unaurudisha ndani, ya kufumwa inavuta mstari mzima, usikate uzi huo, ugawe kidogo kidogo kwa vitanzi vya jirani na ncha ya sindano hadi upotee. Mkoba wa tauni vaa chini ya poncho, kamba imepita kifuani, hakuna mtu ataona zipu yako pale Tom Mboya. Begi la mgongoni halipatani na poncho yoyote, siku hiyo vaa sweta.

Boda boda sasa, na hili ni la maisha. Matamvua marefu na ncha inayoning'inia nyuma vinaweza kuingia kwa tairi ama cheni na kukuvuta ukiwa barabarani, sawa na leso. Kabla hujapanda kusanya poncho yote mbele, ikalie, ama uitoe uiweke kwa mfuko. Kama unapanda boda boda kila siku usitie matamvua kabisa, maliza ukingo na safu ya mishono mifupi, na ufanye iishie kiunoni. Mama anayebeba mtoto mgongoni aivae juu ya mtoto lakini kichwa na uso wa mtoto vibaki nje, na hapo achague ya kufumwa, vidole vidogo huingia kwa mashimo ya kroshe na kukwama.

Kuosha hazitofautiani sana. Maji baridi ama vuguvugu, sabuni kidogo, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, usisokote. Sufu usiguse maji moto wala usiisugue, inajifunga na kuwa ndogo na hairudi tena. Kukausha ndio watu hukosa: usianike poncho kwa kamba, yoyote ile, maji yanavuta ncha chini na ikikauka imebaki hivyo. Itandaze juu ya taulo kwa meza ama kwa magunia safi kivulini, uirudishe vipimo vyake na mkono. Ukiihifadhi ikunje, usiitundike kwa henga.

Kwa anayefikiria biashara, hesabu inageuka. Kufuma kuna mashine, zile zile zinazotoa sweta za shule, na mtumba umejaa poncho za mashine za bei ya chini, kwa hivyo ya kwako uliyofuma kwa mkono wiki nyingi itawekwa karibu na hiyo na mteja ataona bei tu. Kroshe ya kweli hakuna mashine inaitengeneza, kila moja unayoona mahali popote duniani imeshikwa na mkono wa mtu, na mteja wa Maasai Market akielezwa hivyo anaelewa mbona bei iko juu. Shona za watoto pia, zinaenda haraka, zinakula kama nusu ya uzi, na watoto wa miaka mitatu minne wanazipenda juu hakuna mikono ya kuvutana nayo asubuhi.

Basi kama bado umekwama: hujawahi kushika sindano yoyote na unataka kitu mwezi huu, kroshe, rangi moja, sindano ya 6, kutoka shingoni. Unajua pleni na una uvumilivu, vipande viwili, vitanzi 72, anza mapema. Ya mama mzee kule Limuru, fuma, ya sufu ukiweza, shingo ipunguze hadi 56 halafu uokote vitanzi kuizunguka ufume kola ya sentimita 8 inayosimama, pleni mbili na mbili za kinyume ndio ivutike akipitisha kichwa, na uweke vifungo viwili vikubwa pembeni kwa kiwiko ndio isifunguke akiinama. Ya msichana wa chuo anayetaka kupendeza Jumamosi, kroshe ya pamba, fupi, mashimo yake yote.